Rehani ya Dada Mkubwa

Watu wa mtaani walimwita Mama Uzi, ingawa hakuwahi kuzaa. Mtoto wake, walisema kwa utani, alikuwa ile mashine ya kufumia masweta iliyobanwa kwenye meza katika chumba cha mbele. Kweli aliilea kama mtoto. Kila asubuhi aliipangusa kwa kitambaa laini na kuitia mafuta tone moja moja, na jioni aliifunika kwa shuka. Ilikuwa ndefu kama benchi, na sindano mia mbili zilizopangwa safu moja. Juu ya sindano hizo alisukuma kigari cha chuma kwa mkono: kwenda, mstari mmoja, kurudi, mstari mwingine. Miaka kumi na tisa ya kusukuma ilikuwa imemtunisha bega la kulia, hata gauni lolote alilovaa lilikaa upande.

Aliinunua kwa mwalimu wa ufundi aliyekuwa anastaafu, akamlipa kidogo kidogo kwa miaka mitatu bila kukosa mwezi. Kwa mashine hiyo alimsomesha mdogo wake wa kike. Wazazi wao walifuatana kaburini ndani ya mwaka mmoja, mdogo akiwa darasa la tatu, na dada mkubwa akaamua kwamba mmoja wao lazima amalize shule. Yeye mwenyewe kusoma kulimpa tabu. Barua ya ukurasa mmoja ilimchukua nusu saa, midomo ikitembea. Mdogo alikuwa kinyume chake. Mwandiko wake ulinyooka kama umepigwa chapa, na walimu wakamwita Kalamu, jina likamganda mpaka akaolewa, akazaa mabinti wawili, akaachika.

Wakawa wanafanya kazi bega kwa bega. Mama Uzi alifuma, Kalamu akaandika orodha za shule zilizoagiza masweta: mangapi ya shingo ya duara, mangapi ya shingo ya pembe. Barua ikija, Kalamu ndiye aliyeisoma. Mama Uzi hakuona haya. Alikuwa akiwaambia wateja, "Msomi wa nyumba hii yule pale, mimi nimebeba gharama tu."

Siku moja mchana Kalamu alikuja, akakaa kwenye kigoda, akaanza kuchezea ncha ya kanga.

"Dada, nina jambo. Lakini usinikatize."

"Ukianza hivyo najua ni hela."

"Nimepata kibanda karibu na ofisi za serikali. Kutoa nakala, kuchapa barua, kuuza bahasha. Watu pale wanapanga foleni, dada, wanakosa pa kutolea nakala. Bi Stoo yuko tayari kunikopesha. Ila anataka kitu cha kushika."

"Mpe kitanda chako."

"Kitanda changu hakifiki. Anataka mashine."

Mama Uzi alisimamisha kigari katikati ya mstari, jambo ambalo hakulifanya hata mvua ilipokuwa ikivuja juu ya kichwa chake.

"Si kuuza," Kalamu akaharakisha. "Ni rehani. Kitu kinakaa kwake, sisi tunalipa, tunakichukua kilivyo. Sheria ndivyo inavyosema. Miezi sita tu."

"Na hiyo miezi sita nitafumia nini? Meno?"

"Sindano za mkono unazo."

Alikataa. Akakataa na kesho yake. Siku ya tatu Kalamu hakubembeleza tena. Alisimama mlangoni akasema, "Sawa. Nitakwenda kuomba kwa watu baki. Wao hawatanikumbusha kila siku kwamba walinisomesha." Mama Uzi hakukumbuka hata mara moja aliyomkumbusha. Lakini neno lile lilimchoma, akalala nalo, na asubuhi akaita wabeba mizigo wawili.

Bi Stoo alikuwa mwanamke mnene, mpole, mwenye sauti ya mtu anayebembeleza mgonjwa. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na stoo ya bati iliyojaa mali za watu: friji, redio, kitanda cha samadari, baiskeli, hata magongo mawili ya kutembelea ambayo hakuna aliyethubutu kuuliza mwenyewe anatembeaje. Kila kitu kilikuwa na karatasi iliyofungwa kwa uzi, na kila kitu kilipanguswa vumbi. "Kitu cha mtu ni roho ya mtu," alipenda kusema huku akifunga kufuli.

Walikaa sebuleni kuandikiana. Bi Stoo alilalamika kwamba mkono unamtetemeka siku hizi, akaomba Kalamu aandike yeye ataje. Akataja taratibu, na Kalamu akaandika. Mama Uzi hakufuatilia maneno. Alikuwa akitazama mkono wa mdogo wake ukiteleza juu ya karatasi, herufi zikitoka zimenyooka, na moyo wake ukajaa fahari. Ule mkono aliulipia yeye. Kisha Kalamu akasoma kwa sauti, haraka haraka kama mtangazaji wa habari, na Mama Uzi akaweka sahihi yake ya herufi nne, ambayo ilimchukua muda kuliko kusomewa.

"Hapo sasa," Bi Stoo akasema. "Mambo kwa maandishi. Undugu usije ukaharibika."

Kibanda kilikwenda vizuri mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili watu watatu wakafungua vibanda kama hicho, kimoja ubavuni kabisa. Mwezi wa tatu mashine ya nakala ikaungua. Mama Uzi alifuma soksi za watoto wachanga kwa sindano za mkono mpaka vidole vikapata sugu mpya, na kila alichopata alimpa Kalamu apeleke kwa Bi Stoo. Kalamu alipokea. Alikuja mara moja kwa wiki, halafu mara moja kwa wiki mbili, halafu akawa anatuma salamu.

Mwezi wa saba Mama Uzi alikwenda shule moja aliyoifumia miaka yote, kuomba wamvumilie muhula huu. Karani wa shule alimtazama kwa mshangao.

"Tukuvumilie nini tena, mama? Masweta tumeshapokea."

"Kutoka kwa nani?"

"Si mdogo wako kaleta? Mazuri. Ila mikono mirefu kidogo."

Hakuaga. Alikwenda moja kwa moja kwa Bi Stoo, na kabla hajagonga lango aliisikia. Angeitambua hata katikati ya soko: krrr, kigari kikienda, krrr, kikirudi. Alizunguka ukuta hadi nyuma. Mlango wa stoo ulikuwa wazi. Mashine yake ilikuwa imebanwa kwenye meza ngeni, na Kalamu amesimama mbele yake anasukuma, jasho likimtoka puani.

"Kalamu."

Kalamu aligeuka. Uso ulimshuka, kisha akaukaza.

"Dada, shikamoo."

"Unafanya nini?"

"Nalipa deni. Ungetaka nilipe kwa nini? Kibanda kimekufa. Bi Stoo kasema nifume hapa, riba isizidi."

"Kwa mashine yangu. Kwa wateja wangu. Na zile hela nilizokuwa nakupa?"

Kalamu akashika uzi wa mstari unaofuata kama mtu anayetafuta kitu cha kufanya. "Watoto wanakula, dada," akasema.

Bi Stoo alitokea akipangusa mikono kwa taulo. "Karibu, karibu. Mbona mnasimama juani?"

Nje ya jengo la mahakama, kwenye kivuli cha ukuta, alikaa karani mstaafu mwenye taipureta, aliyewaandikia watu maombi yao. Mama Uzi alimweleza mambo yote akiwa amesimama. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akafurahi kama mtu aliyepewa zawadi.

"Mama, umekalia ushindi na hujui! Sikiliza. Anayeshika rehani ni mlinzi tu. Anaitunza kama ambavyo angetunza chake, lakini haruhusiwi kuitumia. Akiitumia bila idhini yako, kavunja mkataba. Unaidai mashine, unaidai na fidia ya matumizi. Pili, hawezi kuiuza kabla hajakupa taarifa, tena taarifa ya muda wa kutosha. Tatu, hata akiiuza, kinachozidi deni ni chako. Huyo mwanamke tumemkamata."

"Kweli?"

"Sheria haina jirani."

Kwa wiki tano Mama Uzi aliishi kwa maneno hayo. Aliyarudia akiosha vyombo, aliyarudia akifuma. Alimnunulia mzee karatasi na wino wa taipureta, akampa na nauli.

Siku ya kesi chumba kilikuwa kidogo, feni haifanyi kazi, na hakimu alikuwa kijana mwenye mafua aliyekuwa akijipenga kila baada ya sentensi. Alisoma madai, akatikisa kichwa kukubali. Mama Uzi akapata nguvu. Kisha hakimu akaomba mkataba wenyewe, na Bi Stoo akautoa kwenye bahasha ya plastiki, haujakunjwa hata kona.

"'Mpokea rehani,'" hakimu akasoma, "'au mtu yeyote atakayemteua, anaruhusiwa kuitumia mashine ili isiharibike kwa kukaa, na mapato yatakuwa yake.' Mama, huu mwandiko ni wa nani?"

"Wa mdogo wangu."

"Na sahihi hii?"

"Yangu."

"Ulilazimishwa?"

"Hapana. Lakini mstari huo sikusomewa."

Kalamu aliitwa. Alikula kiapo kwa sauti ndogo. Alivaa gauni alilofumiwa na dada yake kwa mahafali, limeanza kuchakaa kwenye viwiko.

"Ulimsomea dada yako mkataba huu?"

"Nilimsomea."

"Wote?"

Kalamu alitazama feni iliyokufa. "Wote, mheshimiwa."

Hakimu akajipenga. Kuhusu taarifa ya kuuza, akasema, mkataba unaeleza kwamba barua zote za mweka rehani zikabidhiwe kwa mdogo wake, kwa kuwa yeye hasomi vizuri. Barua mbili zilikabidhiwa, zikapokelewa, sahihi hizi hapa. Mashine ikauzwa hadharani wiki iliyopita, mbele ya watu watatu waliofika kununua.

"Imeuzwa?" Mama Uzi akauliza. "Kwa nani?"

Hakimu alitafuta kwenye karatasi. Alipoliona jina alisita kidogo. Kisha akamwonyesha Kalamu kwa kalamu yake. Mtu mmoja kwenye benchi la nyuma akaangua kicheko, akakohoa kukificha.

Kalamu aliinunua kwa mkopo wa Bi Stoo yuleyule. Na Bi Stoo, mtu wa sheria, alisimama akafungua pochi, akatoa bahasha nyembamba. "Na hii ndiyo ziada, mheshimiwa, baada ya kukata deni. Haki yake. Naomba anisainie risiti." Mama Uzi akasaini, herufi nne, chumba kizima kikimsubiri. Nje, mzee wa taipureta alisema pole mara tatu, kisha akamkumbusha ujira wake. Ziada iliishia hapo.

Miezi minane hawakuonana. Majirani walitafuta kuwapatanisha, akawaambia hana ugomvi na mtu. Mapato ya soksi hayakumtosha kodi. Akahamia chumba cha uani, kisicho na dirisha la barabarani, na meza ya mashine akaiuza kwa fundi viatu.

Mchana mmoja Kalamu alibisha hodi. Alikuwa amekonda, lakini macho yalimng'aa. Alibeba mfuko wa plastiki.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

Alikaa bila kukaribishwa. Akazungumza haraka, kama alivyosoma mkataba. Amepata oda kubwa, shule ya binafsi, ya watu wenye uwezo. Masweta mia moja na sitini, meupe, na mikanda mitatu myekundu kifuani. Akiimaliza hii, anamaliza deni la Bi Stoo, mashine inakuwa huru, na hapo, haki ya Mungu, watagawana kazi, dada arudi kwenye mashine yake. Ila kuna uzi wa aina mbili, na huu mwekundu ni wa bei nafuu. Hakuwahi kuununua mwenyewe, siku zote dada ndiye aliyenunua.

"Ushike tu, dada. Uniambie. Mkono wako haukosei."

Akatoa kidonge cha uzi mwekundu. Mama Uzi alikijua kabla hajakigusa. Uzi wa aina ile ulitoa rangi kama kidonda kibichi. Aliwahi kuufanyia kazi miaka mingi, lakini kwanza aliuloweka uani kwa chumvi na siki, akausuuza maji matano, maji sita, hadi yatoke meupe. Hilo hakuwahi kumfundisha Kalamu, kwa sababu Kalamu alikuwa shule.

Alilamba kidole gumba, akausugua uzi. Akatazama. Kidole kilikuwa chekundu hadi kwenye ukucha. Akafumba ngumi.

"Mzuri," akasema.

"Una hakika?"

"Nimefuma miaka mingapi?"

Kalamu alimkumbatia. Alilia kidogo begani kwake, akasema, "Nilijua utanisamehe," na Mama Uzi akampapasa mgongo kwa mkono wa kushoto, ule mwingine ukiwa bado umefumbwa.

Ili kununua uzi wa oda nzima, Kalamu alikopa tena kwa Bi Stoo juu ya rehani ya mashine ileile, kwa karatasi aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe. Alifuma wiki tisa. Masweta yalitoka safi, mikono safari hii ya urefu sawasawa, na mkuu wa shule akamsifu mbele ya wazazi. Shule ingelipa mwisho wa mwezi.

Kabla ya mwisho wa mwezi mvua iliwakuta wanafunzi uwanjani, wamepanga mistari, wanasubiri mgeni rasmi. Ilinyesha dakika kumi tu. Rangi ikashuka kutoka vifuani hadi kwenye kaptura na sketi, hadi kwenye soksi. Mzazi mmoja aliyekuwa getini alipiga ukunga akakimbilia mwanawe akidhani ameumia. Mgeni rasmi alishuka kwenye gari akakuta watoto mia moja na sitini wamelowa wekundu, wengine wanalia, wengine wanacheka.

Habari ilifika uani kwa Mama Uzi kabla nguo za watoto hazijakauka. Jirani aliyeileta aliisimulia kwa mikono miwili, akiigiza mgeni rasmi alivyorudi nyuma. Mama Uzi alicheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, akaomba asimuliwe tena ile sehemu ya mzazi. Siku hiyo alikula akashiba, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu.

Shule ilirudisha masweta kwenye magunia na haikulipa. Bi Stoo alitoa taarifa, ya muda wa kutosha. Mashine ilinunuliwa na wanaume watatu wa mji wa mbali, waliokuja na pikapu. Mama Uzi alikwenda kutazama, akasimama upande wa pili wa barabara. Waliibeba kichwa chini. Sindano zilidondoka lango zima, na mmoja wao akazikanyaga akiulizia kamba. Hapo ndipo ile furaha ilimtoka. Alitaka kuvuka awaambie inabebwaje, lakini hakuvuka.

Kalamu alimkuta palepale.

"Ulijua," akasema. "Ule uzi. Ulijua?"

"Nilijua."

"Mabinti zangu wanatazama nini leo jikoni?"

"Mimi nilitazama nini?"

Walisimama. Pikapu ikawaka, ikazimika, ikawaka tena.

"Ule mstari sikukusomea," Kalamu akasema. "Bi Stoo aliutaja, nikauandika, na nilipofika hapo nikauruka. Niliogopa ungekataa."

"Ulikula kiapo mbele ya hakimu."

"Nilikula."

"Mbona unasema leo?"

"Leo sina cha kupoteza."

Mama Uzi alimtazama usoni, akitafuta yule mtoto wa darasa la tatu. Hakumwona. Kalamu naye labda alikuwa akitafuta mtu. Wakaachana bila kuagana.

Deni halikuisha, kwa kuwa mashine iliuzwa kwa bei ya kutupa na pengo likabaki juu ya mdaiwa, kama sheria isemavyo. Kalamu sasa anakaa sebuleni kwa Bi Stoo, analipa kwa kazi. Anaandika mikataba, anawasomea watu, anafunga zile karatasi kwenye mali zao kwa uzi. Wanasema ana sauti nzuri, na Bi Stoo anamsifu kila mahali. Mama Uzi anaunga vipande vya masweta kwa karakana moja ya mjini, mgongo na kifua, mkono na bega, analipwa kwa kipande. Mabinti wa Kalamu humwamkia wakimkuta njiani, naye huwaitikia.

Juzi jirani yake wa uani, mwanamke anayeuza maji baridi, alimwonyesha karatasi. Anapeleka friji yake kwa Bi Stoo, mtoto ana ada.

"Mimi kusoma kwangu kwa shida," jirani akasema. "Lakini mdogo wako si ndiye anayewasomea watu? Anasoma vizuri?"

Mama Uzi alikuwa na sindano mdomoni. Aliitoa, akapima uzi, akaukata.

"Anasoma vizuri sana," akasema.

Jirani alishukuru, akaenda kutafuta wabeba mizigo.